Zawadi za Sikukuu za Kushona Mwenyewe: Anza na Mfuko wa Kitenge

Krismasi ikikaribia, na tena Ramadhani ikifika katikati, maswali huwa yaleyale. Nianze na nini? Ninunue yadi ngapi? Cherehani ya umeme au ya miguu? Mbona uzi unakatika kila nikishona kidogo? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Swali la kwanza ndilo kubwa, na jibu lake ni fupi: usishone nguo. Anayeanza akisikia zawadi ya kushona anawaza gauni la shangazi au shati la baba mdogo. Nguo inataka vipimo, na vipimo vinataka mtu asimame mbele yako, hapo siri ya zawadi imeshakwisha. Tena shangazi uliyempima Septemba huenda siye atakayevaa Desemba. Shona kitu kisichojali kiuno cha mtu: mfuko, foronya, vishikio vya sufuria, aproni. Kati ya hivyo nakuchagulia mfuko wa kitenge wenye bitana, yaani kitambaa cha ndani. Ukiuweza huo, umejifunza kukata, kushona mstari ulionyooka, kutengeneza kona na kugeuza kazi iwe safi ndani na nje. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, hakuna nyumba Dar isiyohitaji mfuko wa sokoni wa maana.

Mfuko huu ukimalizika unakuwa na upana wa inchi 15 juu, kimo cha inchi 15, na kitako cha inchi 4. Unaingia mkate, nyanya, fungu la mchicha na kilo mbili za unga bila kulalamika.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Hesabu hii ni ya mifuko minne. Kushona mmoja peke yake ni kupoteza muda, maana kazi ya kutandaza, kupima na kutunga uzi ni ileile.

- Kitenge cha pamba, yadi 3. Zinatosha mifuko minne na mabaki ya vishikio vya sufuria.
- Marekani, au pamba yoyote isiyo na maua, yadi 2 na nusu kwa bitana.
- Uzi wa polista wa rangi inayokaribia kitenge. Uzi wa bei ya chini kabisa unatoa manyoya na kukatika, usiuonee huruma.
- Sindano za cherehani namba 14, na moja au mbili za namba 16 kwa sehemu nene.
- Mkasi wa kitambaa tu. Ukikatia karatasi hata mara chache, unaanza kutafuna kitambaa.
- Tepu ya kupimia, rula ndefu, chaki ya fundi, pini.
- Wembe mpya au kifumulio cha nyuzi.
- Pasi. Wengi wanaiona kama ya mwisho, na ndiyo inayotofautisha mfuko wa zawadi na mfuko wa kubebea mkaa.
- Gamu ya kubandika kwa pasi, ile nyeupe ambayo mafundi huweka kwenye kola. Si lazima, lakini mfuko unasimama vizuri zaidi ukiwa nayo.

Cherehani yoyote inayoshona mstari ulionyooka inatosha. Ya miguu ina faida moja Dar ambayo huhitaji kuelezwa: umeme ukikatika saa mbili usiku, wewe unaendelea.

Kununua kitambaa

Kwa kitenge na kanga, Kariakoo ndiko kwenye uteuzi, hasa Mtaa wa Uhuru. Nenda asubuhi siku ya kazi. Ukienda Jumamosi ya katikati ya Desemba utanunua ulichokifikia, si ulichokitaka.

Ukishika kitenge, kikunje na ukisugue kwa nguvu kati ya vidole. Kingine ni kigumu kama kadibodi kwa sababu ya wanga wa kiwandani. Ukikifua unabaki na kitu kama chandarua. Kigeuze pia utazame mgongo wake. Kitenge kizuri rangi yake imepenya hadi nyuma. Kama nyuma ni nyeupe kabisa, rangi imekaa juu tu na huwa haidumu.

Angalia na mwelekeo wa picha. Kitenge chenye ndege au mitungi iliyosimama upande mmoja kitakulazimisha kukata vipande vyote vikiwa wima, na kitambaa zaidi kitapotea. Kwa mara ya kwanza chukua maua madogo au duara, ambavyo havina juu wala chini.

Hatua kwa hatua

1. Fua vitambaa vyote viwili kabla ya kukata. Pamba hurudi ikifuliwa, na kitenge kikirudi huku bitana haijarudi, mfuko utajikunja kama umepigwa na jua. Maji ya kwanza ya kitenge yakitoka na rangi, rudia mpaka yatoke meupe. Msimu wa vuli usitegemee jua la mchana mzima. Fua siku moja kabla. Kikibaki na unyevunyevu kidogo, kipige pasi hapohapo, kitanyooka vizuri kuliko kikikauka kabisa.

2. Pima na uchore kwa chaki upande wa nyuma. Kwa kila mfuko unahitaji:
 - kitenge: vipande 2 vya inchi 16 kwa 18, na vipande 2 vya inchi 4 kwa 24 vya vishikio vya kubebea mfuko;
 - marekani: vipande 2 vya inchi 16 kwa 18, na kimoja cha inchi 7 kwa 7 cha mfuko mdogo wa ndani.

 Kitenge kingi kina upana wa inchi 44 mpaka 46. Ukipanga vipande viwili vya mwili bega kwa bega unatumia inchi 32, na ukanda unaobaki pembeni ndio wa vishikio. Usichore mwili kwanza halafu ukaanza kutafuta vishikio kwenye mabaki. Chora vyote, ndipo ushike mkasi. Upande wa inchi 18 ndio kimo.

3. Kata, kisha toa pembe. Kwenye kila kipande cha mwili, cha kitenge na cha marekani, kata mraba wa inchi 2 kwenye pembe mbili za chini. Hizo ndizo zitakazokuwa kitako. Hapa ndipo watu wanapokosea sana: wanakata pembe ya juu kwenye kipande kimoja na ya chini kwenye kingine. Andika herufi J kwa chaki upande wa juu wa kila kipande kabla hujagusa pembe.

4. Kama una gamu, ibandike sasa nyuma ya kitenge. Punguza gamu nusu inchi kila upande ili isiingie kwenye mshono. Weka pasi, bonyeza, inua, sogea. Ukiburuta pasi, gamu itajikunja na haitatoka tena.

5. Darizi jina, ukitaka. Watu wengi wanadarizi juu ya kitenge, na maua yanalimeza jina lote. Darizi kwenye kile kipande kidogo cha marekani: herufi za kwanza za jina, au neno moja tu, kwa mshono wa mnyororo, ule wa vitanzi vinavyoshikana kama pete za mnyororo. Uzi mwekundu au bluu iliyokoza juu ya marekani unaonekana vizuri mno. Ukimaliza, pinda kingo za kipande hicho nusu inchi, piga pasi, ukishone katikati ya bitana moja, inchi 4 kutoka juu. Acha upande wa juu wazi. Anayepewa mfuko ataliona jina lake siku atakapoingiza funguo.

6. Tengeneza vishikio. Kunja ukanda katikati kwa urefu, piga pasi, ufungue. Sasa leta kingo zote mbili zikutane kwenye alama ya katikati, piga pasi tena. Kunja tena katikati. Una ukanda wa inchi 1 wenye tabaka nne. Shona kingo zote mbili kwa urefu, karibu sana na ukingo. Badili sindano uweke namba 16 kama ya 14 inalia.

7. Funga vishikio kwenye kitenge. Tandaza kipande cha mwili, uso wake ukikutazama. Weka ncha za kishikio kwenye ukingo wa juu, kila moja inchi 4 na nusu kutoka pembeni, kishikio chenyewe kikining'inia kuelekea chini. Ndiyo, kuelekea chini. Kitainuka mfuko ukigeuzwa. Hakikisha hakijajisokota, kisha shona ncha robo inchi kutoka ukingoni, nenda na kurudi. Rudia kwa kipande cha pili, na uviweke vipande viwili pamoja uone kama vishikio vinalingana.

8. Shona mwili wa nje. Weka vipande viwili vya kitenge uso kwa uso. Shona pembeni mbili na chini, ukiacha nusu inchi kati ya mshono na ukingo. Pembe zilizokatwa ziache wazi. Mwanzo na mwisho wa kila mstari rudisha nyuma hatua tatu au nne za sindano, la sivyo mshono utaanza kufumuka kwenye kilo ya kwanza ya sukari.

9. Shona bitana vilevile, lakini acha wazi inchi 5 katikati ya mshono wa chini. Weka alama ya chaki mwanzo na mwisho wa nafasi hiyo, au pini mbili za rangi tofauti. Usipoiacha, hutakuwa na pa kugeuzia mfuko.

10. Funga kona. Shika pembe iliyo wazi, ivute mpaka mshono wa pembeni ulale juu ya mshono wa chini. Ule mraba uliokatwa sasa umekuwa mstari ulionyooka. Lalisha mshono mmoja kulia na mwingine kushoto ili unene usijirundike, bana kwa pini, shona nusu inchi. Fanya kona zote nne, mbili za kitenge na mbili za bitana. Simamisha mfuko juu ya meza utazame kama umekaa sawa.

11. Unganisha. Geuza mwili wa kitenge uso uwe nje. Bitana iache imegeuzwa, uso wake ukiwa ndani. Ingiza kitenge ndani ya bitana, uso wa kitenge uguse uso wa bitana, vishikio vikiwa vimelala katikati yao. Linganisha mishono ya pembeni kwanza, ndipo ubane pini kuzunguka. Shona duara lote la juu kwa nusu inchi. Ukifika kwenye vishikio punguza mwendo. Kwenye cherehani ya umeme zungusha gurudumu kwa mkono hapo, usikanyage.

12. Geuza. Vuta mfuko wote kupitia ile nafasi ya inchi 5. Kwa dakika chache utaonekana kama kitu kilichoharibika. Endelea kuvuta. Ukitoka wote, pinda kingo za nafasi hiyo kwa ndani na uifunge, kwa cherehani au kwa mkono. Sukuma bitana ndani.

13. Malizia ukingo wa juu. Piga pasi ukingo ili bitana isichungulie nje, kisha shona mstari mmoja kuzunguka, robo inchi kutoka juu. Huu mstari wa mwisho ndio watu watakaoutazama, kwa hiyo usiukimbilie. Kata nyuzi zote zinazoning'inia, za ndani pia.

Mfuko wa kwanza ushone peke yake mpaka mwisho, ndipo uelewe kazi inavyokwenda. Mitatu inayobaki ipange kwa mkupuo: vishikio vyote, kisha miili yote, kisha kona zote.

Huna cherehani?

Una njia mbili. Ya kwanza ni fundi wa mtaani. Usimpelekee kitambaa na maelezo. Mpelekee vipande vilivyokatwa, vilivyopigwa pasi na kubanwa pini, ukae pembeni yake akushonee mistari. Wengi hawakatai, ila si Desemba tarehe 18, wala siku za mwisho za mfungo. Wakati huo meza ya fundi imefunikwa na sare za harusi na nguo za watoto, na "njoo kesho" utakayoambiwa haina tarehe.

Ya pili ni mkono. Tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, inarudi nyuma hatua moja, inatoka tena mbele. Uzi uwe mara mbili, na urefu usizidi mkono wako, ukizidi unajifunga mafundo. Mfuko wa mkono unachukua jioni kadhaa, lakini mshono huo ni imara kweli. Kofia za mkono zinazovaliwa Idi hapa pwani zinashonwa kwa sindano tundu moja baada ya jingine, na hakuna anayesema zina kasoro kwa kukosa cherehani.

Foronya za kanga, kwa mtu wa karibu

Kama bado una nguvu, doti moja ya kanga inatoa foronya mbili za mito ya makochi zenye jina la kanga mbele. Kwa mto wa inchi 16 kata kipande cha mbele inchi 17 kwa 17, na viwili vya nyuma inchi 17 kwa 12. Pinda upande mmoja mrefu wa kila kipande cha nyuma (nusu inchi, kisha nusu nyingine), vilaze juu ya cha mbele uso kwa uso vikipandana katikati, shona pande zote nne nusu inchi, geuza. Haina zipu, haina kifungo.

Pima jina kabla ya kukata. Jina refu halitaingia kwenye inchi 16, na foronya iliyoandikwa nusu ya methali inachekesha. Na lisome! "Nani kama mama" mpelekee mama bila wasiwasi. Lakini ukimpelekea wifi yako mto ulioandikwa "Hasidi hana sababu", hata kama ulipenda maua tu, familia nzima itakaa kikao kutafuta ulimaanisha nini.

Mambo yakigoma

Uzi umejisokota rundo upande wa chini. Karibu kila mara kosa liko juu. Inua mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa chini ya sindano, toa uzi wa juu wote, utunge upya kuanzia mwanzo. Ukiutunga mguu ukiwa chini, kwenye cherehani nyingi uzi haukai kwenye sahani za mkazo, zile zinazoubana uzi.

Uzi unakatika. Badili sindano kwanza, ni rahisi kuliko yote. Kisha jaribu uzi mwingine. Kisha legeza mkazo kidogo. Kama bado, pitisha kidole kwenye tundu la bamba la chini, pale sindano inapoingia. Palipokwaruzwa na sindano iliyovunjika panakata uzi kama wembe.

Cherehani inaruka hatua. Sindano imepinda, au haijaingia hadi juu. Itoe, isukume mpaka igote, na ubapa wake uelekee panapotakiwa. Kwa cherehani nyingi za umeme za nyumbani ni nyuma.

Kitambaa hakisogei. Fungua bamba usafishe vumbi la pamba lililojaa kwenye meno yanayosukuma kitambaa. Tia mafuta ya cherehani, si ya kupikia, halafu shona kwanza kwenye tambara mpaka mafuta yasionekane. Hewa yetu ya chumvi inaleta kutu haraka, kwa hiyo ifunike. Pini nazo usiziache kwenye kitambaa usiku kucha. Doa la kutu kwenye marekani halitoki kirahisi.

Bitana inazidi na kujikunja ndani ya mfuko. Fumua kona za bitana tu, pandisha mshono wa chini kwa robo inchi, funga kona tena.

Ukingo wa juu haulingani, upande mmoja umebaki na kitambaa cha ziada. Ulianza kubana pini kutoka sehemu moja ukaenda mzunguko. Fumua, linganisha mishono miwili ya pembeni, kisha katikati ya kila upande, ndipo ujaze pini zinazobaki.

Umeme umekatika na pasi imepoa. Hapo ndipo pa kudarizi, kukata nyuzi na kufunga ile nafasi ya bitana kwa mkono. Pasi ya mkaa inafaa ukiwa nayo, ila pangusa kitako chake kabla hakijagusa marekani.

Zawadi ikienda mkoani kwa basi, kunja mfuko mara tatu, uingize ndani ya wa pili, ufunge kwa mabaki ya kitenge badala ya karatasi ya zawadi, ambayo haifiki Morogoro ikiwa nzima. Andika jina na simu ya mpokeaji kwenye kipande cha marekani kwa kalamu isiyofutika, ukishone juu kwa hatua kubwa kubwa. Fikisha mzigo stendi ya mabasi ya Mbezi kabla ya tarehe 15 Desemba. Baada ya hapo mabasi yanajaa watu na mizigo yao, na wako utasubiri.